Pengo Aliloliziba Fundi wa Saa

Kwa miaka ishirini na miwili Phineas Lihanda alikaa nyuma ya kioo kimoja, kwenye veranda ya duka la vitambaa mjini Kakamega, akitengeneza saa za watu. Walimu, makarani, mapadre, wote waliinama mbele ya kile kioo wakamsubiri ainue uso. Hakuwa mtu wa haraka. Alikuwa na kioo kidogo cheusi cha kukuzia alichokibana kwenye jicho la kulia, na kwa kukibana miaka yote hiyo, jicho hilo lilikuwa limezungukwa na mikunjo ambayo la kushoto halikuwa nayo. Mtu asiyemjua angedhani nusu ya uso wake ilitangulia kuzeeka.

Mwaka wa 1997 saa za kutengeneza zilikuwa zimepungua. Watu walivaa zile za betri, ikifa inatupwa. Mteja aliyepita asubuhi alimkuta mzee ameinamia kitu kingine kabisa, manowari ya plastiki ya kijivu, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, imejaa minara na mizinga midogo kama njiti za kiberiti.

"Fundi, inaingia majini lini?" aliuliza Teresa, aliyeuza ndizi mbivu kando ya ngazi. "Niambie mapema nijitayarishe."

"Bado haijaisha."

"Na mto wenyewe, Isiukhu, umejaa mawe. Utaigonga pale chini ya daraja, halafu useme ni mimi nilikuwa mzito."

Phineas alicheka kidogo, kwa pua. Teresa naye alicheka, kisha akageukia ndizi zake na kuzipanga upya ingawa zilikuwa zimepangwa. Alijua meli ile ilikuwa ya nani. Veranda nzima ilijua.

Ilikuwa ya Wesley, kitinda mimba wa Phineas. Wesley aliingia jeshi la majini akiwa na miaka ishirini, yeye ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona hadi siku hiyo yalikuwa ya mto uliofurika. Mwaka wa 1995 alipelekwa ng'ambo kwa mafunzo, na aliporudi nyumbani Shinyalu kwa likizo alikuwa amebeba boksi pana kwapani.

"Baba, hii si meli yetu yenyewe," alisema siku ile, akilifungua juu ya meza. "Lakini imetoka kiwanda kimoja na yetu. Ni kama mtu na ndugu yake. Hapa nyuma kwenye sitaha, mahali ninapofanyia kazi, ni vilevile kabisa. Nilitaka mwone."

Chini ya vipande vya plastiki kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mabamba mawili ya shaba, membamba kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Phineas alibana kioo chake jichoni akatazama. Shaba ile ilikuwa imetobolewa ikawa ngazi, nyavu, antena, na reli za kuzunguka sitaha, nyuzi tatu tatu na vijiti vyake, kila uzi mwembamba kama unywele. Kwenye kona moja walisimama mabaharia kumi na wawili, bapa, wa shaba, kila mmoja mfupi kuliko punje ya mchele.

"Nani amechonga hivi?"

"Hakuna aliyechonga. Wanapiga picha juu ya bamba, halafu asidi inakula mahali pasipotakiwa."

"Asidi ina mkono kuliko mimi," alisema Phineas, na Wesley akacheka hadi mama yake akatoka jikoni kuuliza kumetokea nini.

Walikubaliana wataiunda pamoja likizo ya Desemba 1996. Agosti ya mwaka huo, Wesley alianguka baharini.

Barua ya mkubwa wake ilikuwa na mistari saba. Ilisema kijana alianguka kutoka sitaha ya nyuma asubuhi, bahari ikiwa imechafuka kiasi, wakamtafuta siku mbili wasimpate. Phineas aliisoma mpaka akaijua kwa moyo. Lakini alikuwa na barua nyingine pia, ya Wesley mwenyewe, iliyofika mwezi mmoja kabla, na ndani yake mlikuwa na maneno ambayo hakumsomea mkewe. *Baba, bahari inachosha. Kuna siku naitazama mpaka nasahau kwamba ninatazama.*

Barua hizo mbili aliziweka pamoja ndani ya kopo la skrubu. Nazo zikamzalia swali: mtu anaangukaje kutoka kwenye sitaha iliyozungushiwa reli?

Kwao, mtu aliyejitoa uhai haimbiwi. Anazikwa upesi, kando ya boma, watu wakiwa kimya, na jina lake halipewi mtoto. Binti yao mkubwa, Mildred, aliyeolewa Khwisero, alikuwa mjamzito, na alikuwa amekwisha kusema mbele ya wote kwamba akizaa mvulana ataitwa Wesley. Kila mara aliposema hivyo Phineas aliinama akatazama viatu vyake.

Ukoo haukuwa na swali hilo. Swali la ukoo lilikuwa moja, nalo lililetwa na Barnaba, kaka yake mkubwa, Jumapili baada ya Jumapili.

"Phineas, mtoto huyu yuko nje," alisema Barnaba. "Mvua ya kwanza imemnyeshea. Ya pili imemnyeshea. Mgomba tunao hapo nyuma. Tuukate, tuuvike shuka, tuuzike badala ya mwili wake, aingie nyumbani."

"Ngoja nimalize meli."

"Meli! Unataka tuzike meli?"

"Sijasema hivyo."

"Maana plastiki na chuma haviozi, ndugu yangu. Mgomba una maji ndani kama mtu, na unaoza kama mtu, ndiyo maana unakubaliwa. Ukizika kitu kisichooza, umezika mtu asiyemaliza kufa."

Phineas akauliza, bila kumtazama, "Mtaimba?"

"Kwa nini tusiimbe?" Barnaba aliweka kikombe chini. "Kuna kitu unakijua?"

"Hapana."

Na ilikuwa kweli. Hakuna alichokijua, na hilo ndilo lililomtesa.

Mkewe Zipporah hakuwahi kuuliza kuhusu meli. Alivaa kitambaa kichwani tangu Agosti ile. Kwa kawaida mama mfiwa hunyolewa baada ya maziko, na kwa kuwa hapakuwa na maziko, hakunyolewa wala hakusuka. "Baba Mildred," alimwambia asubuhi moja akimmiminia chai, "nywele zangu zimenishika shingo. Siku ya kunyoa ni lini?" Phineas alikunywa chai ikiwa bado ya moto mno, akachukua baiskeli yake akaenda mjini.

Watu walidhani anaiunda meli kwa ajili ya kumbukumbu. Kumbe alikuwa anaiuliza.

Plastiki haikumsumbua, ilikwisha miezi mitatu. Reli ndizo zilizomchelewesha. Alikata kila kipande kwa wembe juu ya kioo, akakikunja kwa ukingo wa rula, akakiinua kwa kibano na kukishusha ukingoni mwa sitaha huku amezuia pumzi. Gundi aliichukua kwa ncha ya sindano ya kushonea, tone moja kwa kila kijiti. Pumzi ikimponyoka, kipande kiliruka kikapotea. Siku kama hizo Teresa aliacha ndizi akaja kupapasa sakafu naye.

"Fundi, natafuta kitu ambacho sijui kinafananaje," alilalamika akiwa amepiga magoti.

"Kinafanana na unywele uliochanika mara tatu."

"Basi nimeshakipata. Hata vitano. Vyote vyangu."

Siku alipomaliza upande wa kulia alichukua kile kipimo chake cha kupimia mihimili ya saa. Juu ya boksi iliandikwa kwamba kila kitu kimepunguzwa mara mia tatu na hamsini. Alipiga hesabu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Reli ilikuwa ya mita moja na kitu. Kisha akamkata baharia mmoja wa shaba, wa milimita tano, akamsimamisha kando yake. Reli ilimfika yule mtu juu kidogo ya kitovu.

Phineas alikitoa kioo jichoni. Mtu haanguki juu ya kitu kinachompita kitovu. Mtu hupanda.

Alifunga kibanda saa nane mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya barua, akaisukuma baiskeli kwa miguu hadi Shinyalu bila kuipanda. Nyumbani alisema ni mgongo. Kesho yake alirudi kazini, kwa sababu aliona kwamba kuacha meli bila kuimaliza kungekuwa kulikubali jibu hilo.

Nyuma, upande wa kushoto, reli zilimwishia. Palibaki pengo la urefu wa punje moja ya mchele. Alihesabu vipande vyote kwa namba zake, vyote vilikuwa vimetumika. Kwenye karatasi ya maelekezo, mahali hapo palikuwa na vitone vitone tu, naye akadhani wino ulififia. Kiwanda kimepunja, alijiambia. Na fundi wa saa hawezi kuacha gurudumu lenye jino moja pungufu. Alifungua saa ya zamani ya wanawake, iliyokuwa haina mwenyewe, akatoa ile springi nyembamba kama unywele, akainyoosha, akatengeneza nyuzi tatu na vijiti viwili. Kazi hiyo ilimchukua siku tano. Alipoipachika, hata yeye mwenyewe hakuuona muungo bila kioo. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Desemba aliipeleka meli nyumbani, ndani ya boksi lake, ikiwa imefungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli na kufunikwa kwa sweta. Akaiweka kwenye meza ya veranda. Alikuwa amekusudia kumwambia Barnaba: kateni mgomba, lakini zikeni kimya. Alikuwa anatafuta tu siku ya kulisema.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi alifika kijana mwenye mabega mapana, nywele amekata za kijeshi, akasimama mwanzo wa uwanja akibisha hodi kwa sauti ndogo. Alisema anaitwa Chrispinus, kwao ni Shianda, na alikuwa meli moja na Wesley.

"Mulembe, karibu," alisema Phineas. "Mbona hukuja siku zote hizi?"

"Sikuweza, Mzee."

Zipporah alimsalimu kwa mikono miwili, akamtazama usoni kwa muda kama anayetafuta sura nyingine nyuma yake, kisha akaenda kumkamata kuku. Chrispinus hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikuwa ameiona meli. Aliizunguka polepole, mikono nyuma, akitaja kila kitu kwa midomo bila kutoa sauti. Alipofika nyuma akainama.

"Mzee, hapa umekosea."

"Wapi?"

"Hapa, kushoto. Hapa hakuna reli. Hapa ni mnyororo tu. Tunaufunguanga tukiteremsha mashua, halafu tunaurudisha."

"Nilidhani kiwanda kimepunja."

"Hapana." Chrispinus alianza kucheka, na kicheko kikamgeuka njiani. "Hapana, Mzee. Kunaachwanga wazi."

Akaketi chini, sakafuni, mgongo ukutani. Phineas alivuta kiti akakaa karibu naye. Akauliza kwa utaratibu, kama anavyomwuliza mteja saa ilianza lini kuchelewa.

"Siku ile mnyororo ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi."

"Nani aliufungua?"

"Mimi." Kijana alijifuta uso kwa kiganja. "Tulikuwa tumerudisha mashua. Mikono yangu ilikuwa na grisi, nikaenda kunawa. Nikakumbuka mnyororo nikiwa mlangoni. Nikageuka. Wesley akaniambia, 'Enda zako, umechoka, nitaufunga mimi.' Alikuwa anaimba. Meli ikalala upande mara moja tu, Mzee, mara moja. Alikuwa ameshaishika ile ndoano ya mnyororo. Nilimwona ameishika. Wakubwa niliwaambia nilikuta amekwisha kuanguka."

"Alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba. Vibaya, kama kawaida yake."

Zipporah alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, kuku mkononi, nusu amenyonyolewa. Maji ya moto yalimdondoka kwenye vidole vya miguu, asijali.

"Neno hili umekaa nalo mwaka na miezi minne?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nimekaa na nywele," alisema, akarudi jikoni.

Walisikia kisu kikigonga ubao. Hakumwambia kijana aondoke, wala hakumwambia amesamehewa. Baada ya saa moja alileta obusuma na ingokho, ugali na yule kuku, akaweka paja mbele ya mgeni, akasimama pale mpaka alipolimaliza.

Phineas wakati huo alikuwa ameenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alishika shina moja akalia. Lakini chini ya kilio kulikuwa na kitu chepesi kilichopanda kifuani, na alipokitazama akaona ni furaha. Mtoto wake hakupanda reli. Mtoto wake alikuwa anaenda kufunga mlango wa mwenzake. Akaona haya, haya kali, kwa sababu Wesley alikuwa bado amekufa, na baba yake alikuwa amesimama kwenye migomba anafurahi.

Walizika wiki iliyofuata. Barnaba ndiye aliyechagua mgomba na kuuangusha kwa mapigo mawili ya panga. Maji yake yakawachafua nguo. Kisha akasimama na panga.

"Tunaukata wapi? Alikuwa na urefu gani?"

Watu wote walimgeukia Phineas. Alifungua kinywa. Mwaka mzima alikuwa amempima mtoto wake, na kilichomjia ulimini kilikuwa milimita tano. Akafumba.

Zipporah ndiye aliyekwenda hadi mlango wa jikoni. Alinyoosha mkono, akajiinua kwa vidole vya miguu, akagusa mti wa juu wa mlango. "Hapa," alisema. "Na hapa alikuwa anainama kidogo ili aingie."

Barnaba alipima mlango kwa muwa, akaja akaulaza muwa juu ya mgomba, akakata.

Asubuhi hiyo Phineas alikuwa ameiinamia meli kwa mara ya mwisho, akiwa na kioo na wembe. Alipitisha wembe kwenye vile vijiti viwili, na kile kipande alichokitengeneza kwa siku tano kikatoka chote bila kuvunjika. Alikifunga ndani ya karatasi. Sasa, kabla shuka halijavutwa, aliinama juu ya mgomba na kibano chake, akatenga maganda mawili ya shina kwa kidole, akakisukuma kile kipande ndani kabisa, mahali ambapo mtu angekuwa na mkono.

"Unaweka nini hapo?" Barnaba alinong'ona.

"Mnyororo wake."

"Ni chuma?"

"Ni kidogo."

Barnaba alitazama shina, akamtazama ndugu yake, lile jicho la kulia lenye mikunjo na lile la kushoto. "Mimi sikuona kitu," alisema, akalivuta shuka.

Wakaimba. Chrispinus aliimba akiwa amesimama mbali, karibu na ua, na hakuna aliyemwita aje karibu wala aliyemfukuza. Mzungumzaji wa kanisa alisema, kama wanavyosema katika kila msiba, kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika, na watu wakaitikia. Phineas hakuitikia. Aliangalia mikono yake. Siku ya tatu Zipporah alinyolewa. Alikaa juani na kichwa chake kidogo kilichong'aa, akionekana kama msichana aliyetoka kuugua.

Mildred alijifungua Februari. Alikuwa mtoto wa kike. Wakampa jina la nyanya wa upande wa baba yake, na lile jina lingine likabaki likingoja.

Meli ilirudi mjini. Phineas aliiweka nyuma ya kioo, juu ya rafu ambapo zamani alipanga saa zilizokuwa tayari. Wateja waliisifu. Wengine walitaka kuinunua, akawaambia si ya kuuzwa. Teresa ndiye aliyeitazama vizuri, kwa kuwa ndiye aliyepapasa sakafu kwa ajili yake. Siku moja aliweka pua yake kwenye kioo.

"Fundi," aliita. "Na hapa nyuma mbona pamebaki wazi? Vipande vilikuishia?"

Phineas alikuwa ameshika saa ya mwalimu mmoja. Aliiweka chini taratibu.

"Havikuniishia," alisema. "Kunaachwanga wazi."